Saa Kumi Kasoro Dakika Tano

"Sasa wewe mjomba, jua uliliona ama hukuliona?"

Swali lilitoka Siaya, likapasuka kwenye spika ya simu kwa sauti ya nyanya aliyezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Watu kama 40 kwenye mabenchi ya hospitali moja ya umma ya Eastlands wakageuza shingo. Mjomba, aliyetoka Dandora Phase 4 jana yake jioni akiwa na beseni la plastiki, blanketi na kazi moja tu ya kufanya, akatazama sakafu. Jua hakuliona. Alikuwa amelala. Ukingo wa beseni ulikuwa umemchora shavuni kama mwezi mwandamo, na kila aliyemtazama aliweza kusoma pale jinsi alivyoupitisha usiku.

"Mama," alisema, "huku ndani hakuna dirisha."

"Sikukuuliza habari za dirisha."

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakuna aliyewaza kumpa mtu msaidizi. Dada yake angejifungua. Sista wangemzalisha. Shemeji, baba wa mtoto, alikuwa juu ya lori la mizigo njia ya Mombasa na hangefika kabla ya kesho yake. Mjomba aliachiwa kutazama saa. Kila mtu alipewa sehemu kulingana na uwezo wake, na kwa hilo ukoo haukukosea kufikiri, ulikosea kutumaini.

Upande wa mjomba ni Wakikuyu, na kwao saa haina kazi yoyote kwenye jina. Orodha imeshaandikwa kabla hata mimba haijatungwa: mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, msichana wa kwanza ni nyanya mzaa baba, wa pili nyanya mzaa mama. Mtoto anaweza kuzaliwa adhuhuri, usiku wa manane au ndani ya matatu. Jina linamngoja mlangoni kama kiti kilichowekewa kitambaa. Mjomba mwenyewe alikua akidhani dunia nzima iko hivyo.

Kwa Wajaluo, upande wa shemeji, jua nalo lina kura. Azaliwaye alfajiri ni Omondi, au Amondi akiwa msichana. Asubuhi ni Okinyi na Akinyi. Jua likipanda kuelekea adhuhuri ni Onyango na Anyango, likisimama utosini ni Ochieng' na Achieng'. Jioni ni Odhiambo na Adhiambo, usiku Otieno na Atieno. Mvua ikinyesha kuna Okoth na Akoth. Pacha anayetangulia kutoka ni Opiyo au Apiyo, anayefuata ni Odongo au Adongo, na mtoto atakayezaliwa baada ya mapacha, hata akija miaka 5 baadaye peke yake, atabeba habari yao kwa jina la Okello au Akello. Ukiisikia orodha hiyo kwa makini unagundua kwamba Kenya imejaa watu wanaotembea na taarifa ya saa yao ya kuzaliwa hadharani. Tom Mboya alikuwa Odhiambo. Lupita Nyong'o, aliyezaliwa Mexico City mwaka 1983, ni Amondi. Siku hizi wengi hurithi tu jina la babu au la shangazi, na mtu anaweza kuitwa Otieno ilhali alizaliwa saa sita mchana jua likipasua mawe. Nyanya wa Siaya haitambui njia hiyo ya mkato. Kwake, jina la saa lisilo na saa ni uongo wa kwanza ambao mtoto anafundishwa kusema.

Kwa hiyo ujumbe ulioingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, chenye watu 83 kutoka pande zote mbili, ulisomwa kwa uzito wa tangazo la serikali: "MSICHANA! Kilo 3.2. Amezaliwa sasa hivi, saa kumi kasoro dakika tano usiku. Mama na mtoto wazima."

Atieno! Vigelegele vya maandishi vikafululiza. Huko Siaya jogoo akachinjwa. Majirani wakaingia, chai ikachemshwa, na kufikia saa mbili asubuhi kijiji kizima kilikuwa na Atieno mpya.

Aliyeharibu shughuli ni shangazi mmoja, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye tangu aache kusahihisha madaftari amekuwa akisahihisha watu. Aliandika: "Ujumbe wako unasema sasa hivi. Umeingia saa moja na dakika tatu asubuhi. Kutoka saa kumi kasoro dakika tano mpaka saa moja na dakika tatu ni saa tatu na dakika nane. Hiyo 'sasa hivi' yako ni ya aina gani?"

Mjomba akajibu: "Mtandao."

Huo ndio uongo, na ungemtosha kama dada yake hangepiga simu kutoka wodini saa tatu asubuhi, kijitabu cha kliniki mkononi, akasoma alichoandika sista kwa tarakimu nne: 0640. Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Asubuhi.

Ili haki itendeke, ni lazima ielezwe jinsi mtu mwenye akili timamu anavyokosea kwa karibu saa tatu. Mwanzoni wanaume walingojea nje, chini ya kibanda cha mabati. Ilikuwa Julai, na baridi ya Nairobi ya Julai haina huruma na mtu aliyevaa sweta la shule ya upili. Usiku wa manane soja akawaonea imani, akawaingiza kwenye ukumbi wa ndani, taa nusu zikiwa zimezimwa. Mjomba akaketi akiegemea ukuta, beseni magotini. Juu ya kichwa chake, sawia na utosi, ilining'inia saa ya ukutani ambayo kila mtu ukumbini aliiona isipokuwa yeye. Akainamia beseni. Akalala.

Aliamshwa na jina la dada yake. Sista alikuwa amesimama mlangoni, anasoma karatasi mbio kama kondakta anayetaja vituo: msichana, kilo tatu nukta mbili, mama yuko salama. Mjomba akaruka. "Saa ngapi, sista?"

"Saa saba," sista akajibu, mlango ukiwa tayari unafungwa. "Kuona wagonjwa ni saa saba mchana."

Simu ya mjomba ina ufa kwenye kona ya juu, palepale saa inapoonekana. Akageuka, akainua macho, na hapo, kwa mara ya kwanza usiku ule, akaiona saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikaribia nne, mrefu ulikuwa kwenye kumi na moja kamili. Kumi kasoro dakika tano. Ukumbi hauna dirisha. Watu walikuwa wamelala. Nani angeshuku? Aliandika, akatuma, akalia kidogo. Bibi aliyekuwa benchi la pili, aliyengojea mkwe wake tangu juzi, ndiye aliyemwambia baadaye kwamba saa ile haijasogea siku zote alizokaa pale.

Wakati mjomba amelala chini ya saa iliyokufa, nyuma ya mlango ule muda ulikuwa unapimwa kwa ukali ambao mabenki hayaufikii. Alikuwa ameelezwa habari hiyo mapema usiku na mwanafunzi wa uuguzi aliyetoka kupumua nje na kukaribishwa chai. Kijana alichukua risiti ya glavu, akaigeuza, akachora mraba. Huu, alisema, ni patografu. Chini kwenda kulia unaandika saa. Kando kwenda juu unaandika sentimita, kuanzia 0 hadi 10, namna mlango wa kizazi unavyofunguka. Mama akishaingia uchungu wenyewe, unapiga mstari wa mshazari unaopanda sentimita 1 kwa saa: mstari wa tahadhari. Saa 4 kulia kwake unapiga mwingine: mstari wa hatua. Alama za mama zikienda sambamba na wa kwanza, tulia. Zikianza kuegemea kulia, shughulika: mwite daktari, tafuta ambulensi. Zikifika mstari wa pili, umechelewa kushughulika. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, na kila nusu saa huwekwa kitone.

Mjomba alikishika kile kikaratasi kama ramani ya hazina. Mchoro huo una historia yake: mwaka 1954 daktari wa Marekani, Emanuel Friedman, alichora kwa mara ya kwanza mkondo wa uchungu kwenye grafu. Lakini mistari ile miwili ilizaliwa Afrika: Philpott na Castle waliichapisha mwaka 1972 kutokana na kazi yao Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, kwa sababu mkunga aliye peke yake kwenye zahanati ya mbali alihitaji kitu cha kumwambia mapema kwamba safari ya hospitali kubwa ianze sasa, gari lenyewe likiwa mbali. Shirika la Afya Duniani likaijaribu kwa wanawake zaidi ya 35,000 Asia ya Kusini-Mashariki, matokeo yakatoka mwaka 1994, na karatasi ikaenea duniani. Mwaka 2018 shirika hilohilo likakiri kwamba sentimita 1 kwa saa ni mwendo ambao baadhi ya wanawake wazima hawaufuati, na kwamba uchungu wenyewe uhesabiwe kuanzia sentimita 5, si 4. Kwa maneno mengine, kwa miongo mingi wanawake waliambiwa wamechelewa, kumbe wako njiani. Mtu anayengojea matatu za Dandora saa kumi na mbili jioni anaielewa hali hiyo bila grafu.

Na mtoto akitoka tu, saa haikomi. Dakika ya kwanza anafanyiwa mtihani, na dakika ya 5 anarudia. Aliyeutunga ni Virginia Apgar, daktari wa nusukaputi wa New York, mwaka 1952: rangi, mapigo ya moyo, mwitikio, nguvu za misuli, pumzi, kila kimoja alama 0 hadi 2. Mpwa wa mjomba alipata 9 kwa 10. Ukoo mzima haukumbuki lini mjomba aliwahi kupata 9 kwa 10 katika jambo lolote, na shangazi wa hesabu aliliandika hilo kikundini bila kuulizwa.

Sasa pima. Ndani: kitone kila nusu saa, mtihani dakika ya kwanza, tarakimu nne kwenye kijitabu. Nje: saa tisa kamili bila neno hata moja. Ukisogea kaunta unaambiwa ungoje uitwe. Ukingoja uitwe, unaitwa kununua kitu. Glavu, kwanza. Pamba, pili. Saa nane usiku, mpira wa mkojo, kutoka duka la dawa la nje ambalo bei yake hupanda giza likiingia. Mjomba alilipa kwa Fuliza, mkopo wa simu, akapiga hesabu ya riba huku anarudi mbio.

Hapa ucheshi unakwama kidogo kooni. Tarehe 1 Juni 2013 Wakenya waliambiwa kwamba kujifungua katika hospitali za serikali ni bure. Mwaka 2016 mpango ukapewa jina zuri, Linda Mama. Tarehe 1 Oktoba 2024 ukaja mfumo wa bima ya afya wa SHA, na mtu asiye na mshahara, mama mboga au fundi wa viatu, sasa hukadiriwa kipato cha nyumba yake kwa maswali ya paa na choo, akatwe asilimia 2.75, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Dada alikuwa amejisajili. Kujisajili si kulipa, aliambiwa kaunta, akiwa amejishika kiuno, uchungu ukimjia kila baada ya dakika 6. Mjomba anakumbuka vizuri kwamba ni dakika 6 kwa kuwa hiyo ndiyo saa pekee aliyoihesabu sawasawa usiku ule.

Dada alilala kitanda kimoja na mwanamke mwingine, kichwa huku, miguu kule. Shangazi mdogo aliyekuja kumshika mkono alirudishwa getini, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka uleule wa 2018 unataka kila mama awe na mtu wake wa kumkalia karibu tangu mwanzo wa uchungu hadi mwisho. Sista aliyemhudumia alikuwa na kina mama wengi kuliko mikono, na hakuna mtu kwenye benchi aliyemlaumu. Dandora watu wanajua maana ya mahali palipojaa na bado panapokea: jaa lao lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na hadi leo malori yanamwaga. Lakini taka zinaweza kupangwa juu ya taka. Mwanamke mwenye uchungu hapangwi.

(Watoto wa Ulaya huambiwa kwamba korongo ndiye anayeleta mtoto mchanga akiwa amembeba mdomoni. Watoto wa Dandora huwaona makorongo kila siku pale jaani, wakubwa, wenye upara, na vitu wanavyobeba mdomoni. Hekaya hiyo haikupata soko.)

Turudi Siaya, ambako jogoo ameshaliwa.

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini," nyanya alirudia kwenye spika, polepole, kama anayeonja chumvi. "Hiyo si Atieno. Ni Akinyi. Ama ni Amondi? Ndiyo maana nakuuliza jua."

Na swali lake, ukilitazama vizuri, halikuwa la kumwaibisha mtu. Julai jua la Nairobi huchomoza mnamo saa 12:37 asubuhi. Mtoto alitoka saa 12:40. Kwa jua la Dandora, basi, alilikuta limetoka dakika 3 zilizopita: Akinyi. Ila Siaya iko magharibi zaidi, kama digrii mbili na nusu, na dunia huchukua dakika 4 kuzunguka kila digrii, kwa hiyo jua hufika uani kwa nyanya karibu dakika 10 baadaye. Wakati mtoto analia kwa mara ya kwanza, nyanya alikuwa bado kwenye alfajiri: Amondi. Mtoto mmoja, dakika moja, majina mawili halali na la tatu lililotungwa na mjomba. Saa ya Kiswahili yenyewe huanza kuhesabu jua linapochomoza, na ndiyo maana ikweta inaweza kuiamini mwaka mzima. Lakini hata hiyo hudai kwamba mtu awepo, macho wazi, atazame.

Mjomba alijaribu kujitetea kwa historia ya mipango miji. Mtaa wa Dandora, alieleza, ulianzishwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja kama 6,000, kila kimoja na choo na maji yake, mwenyewe ajenge vyumba kadiri anavyopata. Watu walijenga vyumba, wakaongeza ghorofa, wakaongeza nyingine, na leo kwenye ploti yao jua huingia saa tano, hukaa dakika chache juu ya kamba ya nguo, likaondoka. Mtu aliyelelewa huko hakufundishwa kuliona jua likichomoza.

"Kwa hiyo hukuliona," nyanya alisema.

Bibi wa benchi la pili, ambaye hakuombwa maoni, aliona jambo ambalo kikundi cha watu 83 hakikuliona. Grace Ogot, alikumbusha ukumbi, alikuwa Akinyi, na kabla ya kuandika hadithi alikuwa muuguzi na mkunga. Margaret Ogola aliyeandika The River and the Source mwaka 1994 alikuwa Atieno, na alikuwa daktari wa watoto. "Jina lolote litamtosha," alisema. "Shida ni nyinyi mnaongojea."

Makosa mengine ya siku ile hayafai kurefushwa. Dada alifika hospitalini amelala katikati ya kabeji ndani ya Probox ya jirani. Njahi iliyotumwa na shosho, nyanya wa upande wa mjomba, kwa ajili ya mama wa mtoto ililiwa na soja, kwa mwaliko wa mjomba, aliyedhani ni yake. Pampasi alizonunua zilikuwa za mtoto wa kilo 12. Alimkumbatia na kumpongeza mwanamume ambaye alikuja kusoma mita ya maji.

Saa sita na nusu mchana alitoka getini akaenda kioski cha ng'ambo ya barabara, akanunua betri moja ya saa, ndogo, akaiweka mfuko wa shati. Saa saba kamili, kwa simu ya mwenye kioski aliyoiomba na kuikagua mara mbili, alikuwa amesimama mlangoni pa ukumbi na chupa ya uji. Soja wa zamu mpya alimzuia kwa rungu.

"Saa ya kuona wagonjwa imepita."

"Imepita? Kwani sasa ni saa ngapi?"

Soja hakuhangaika hata kugeuka. Aliinua rungu juu ya bega, akalielekeza ukutani.

"Si unaona mwenyewe."